Je, Yafaa Kutembea Mtaani kwa Watu Bila Hodi?



Katika Kiswahili chetu kuna maneno mawili yaliyo jirani sana: kutembea na kutembelea. Mtu hutembea njiani, lakini humtembelea mtu. Twamtembelea mgonjwa, twamtembelea mjomba, twawatembelea wakwe tukiwa tumevaa vizuri na mkononi tumebeba kitu. Hata apitaye kwa jirani kuomba chumvi hupiga hodi, akangoja, na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi zake. Siku hizi imezuka desturi nyingine ambayo lugha yetu haijaipatia neno lake. Mtu hufunga safari mpaka mji wa mbali, akaenda kutembelea mtaa. Si mtu aishiye mtaani, bali mtaa wenyewe. Huzunguka vichochoro vya watu waliohamia mji ule kutoka nchi nyingine, akatazama maduka yao, vyakula vyao na nyumba zao za ibada, akapiga picha, akaondoka. Hodi hakuipiga, maana angeipiga mlango gani?

Swali tunalotaka kulifikiri mwezi huu ni hili: je, jambo hilo ni jema, au ni namna ya kuchungulia watu dirishani?

Hatuliulizi kwa kubahatisha. Baadhi yetu tulipelekwa Singapore kwa mafunzo ya kazi, tukakaa huko majuma matatu. Siku za juma zilikuwa za darasa. Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa na mchana mzima mbele yetu, nasi tukatembea. Basi yasemwayo hapa twayasema kama watu tuliokwisha kufanya jambo lenyewe, tena kwa furaha.

Kwanza yafaa kuujua mji. Singapore ni kisiwa kidogo ambacho gari hukivuka kutoka mashariki hadi magharibi kwa muda kama wa saa moja, nacho kina watu wapatao milioni sita. Wamalay na watu wa bahari walikuwapo tangu zamani, lakini walio wengi leo ni wajukuu na vitukuu vya watu wa kuja: Wachina kutoka majimbo ya kusini mwa China, Watamil na Wahindi wengine, Wajava, Wabugis na Waarabu. Mwaka 1819 Stamford Raffles alifika hapo kwa niaba ya Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, akaanzisha bandari. Watu wakamiminika. Mwaka 1822 Raffles akaagiza mji upangwe, na Luteni Jackson akauchorea ramani: Wachina upande huu wa mto, Wahindi pale juu, Waarabu na Wabugis karibu na nyumba ya Sultani wa Kimalay, Wazungu mahali pao. Hata Wachina wenyewe walitakiwa wagawanywe kwa majimbo waliyotoka.

Wazee wetu hawatashangaa. Wao walikulia katika miji yenye Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakajua ni barabara ipi ambayo mtu akiivuka usiku huulizwa anakwenda wapi. Kalamu iliyochora huko na iliyochora huku ilikuwa ya dola moja. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mtembezi hana budi kulikumbuka ni kwamba mitaa hiyo ya kupendeza, yenye kuta za rangi na harufu za viungo, haikuota yenyewe kama uyoga. Mingine ilianza kwa amri. Mtu aliambiwa, kaa pale na wenzako.

Hata hivyo watu hawakuitii ramani kama ilivyotakiwa, na hili lilitufurahisha kupita yote tuliyoyaona. Katika barabara ya South Bridge, katikati ya mtaa uitwao wa Wachina, limesimama hekalu la Wahindu la Sri Mariamman, ambalo lilianzishwa mwaka 1827. Hatua chache kutoka hapo upo msikiti wa Jamae, wa Waislamu wa Kitamil, wenye umri kama huo huo. Katika barabara ya Telok Ayer, ambayo zamani ilikuwa ufuo wa bahari, lipo hekalu la Wachina la Thian Hock Keng, ambapo mabaharia waliofika salama walikwenda kutoa shukrani, na karibu yake pana ziara ya Waislamu kutoka India kusini. Wote walikuwa wametoka katika bahari ile ile, na kila mmoja alishukuru kwa namna alivyofundishwa na mama yake. Kadhalika soko la mtaa wa Wahindi huitwa Tekka, nalo si neno la Kihindi bali la Kichina. Mtaa huo huo ulikuwa na mazizi ya nyati wa kufugwa, hivyo majina mengine ya hapo ni ya Kimalay yenye maana ya nyati. Ama jina la Little India, yaani India Ndogo, lilienezwa na watu wa utalii katika miaka ya 1980. Waliokuwa wakiishi pale hawakulihitaji. Nani huita mtaa wake jina la nchi ya watu?

Mtaa wa Wachina nao wenyewe walikuwa wakiuita Gari la Maji, kwa sababu maji yaliletwa hapo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Tulipita katika kijia kiitwacho Sago Lane. Leo ni mahali pa maduka na watalii. Zamani palikuwa na nyumba za kufia. Vibarua na wajakazi waliokuja ujanani, wakafanya kazi miaka arobaini wakituma fedha China, wakazeeka bila mke wala mtoto karibu, hawakuruhusiwa kufa katika vyumba vya kupanga, maana kifo ndani ya nyumba kilihesabiwa kuwa mkosi. Basi walihamia Sago Lane, wakalipia kitanda, wakangoja. Chini ya kitanda chao, ghorofa ya chini, mambo ya mazishi yalikuwa yakiendelea. Nyumba hizo zilipigwa marufuku mwaka 1961. Karibu na hapo walikaa pia waandishi wa barua, waliowaandikia wasiojua kusoma ili mama kijijini apate habari pamoja na fedha kidogo. Mtu akipita hapo leo akinywa maji ya muwa hawezi kuyaona hayo kwa macho tu. Lazima aulize au asome. Sisi twaona kwamba hapa ndipo tofauti ya kutazama na kutembelea inapoanza. Atazamaye hutosheka na rangi ya ukuta.

Tukienda Kampong Gelam, penye barabara ya Waarabu, tulijiona kama tumefika karibu na nyumbani. Waarabu wa pale asili yao ni Hadhramaut, ndio hao hao ambao sisi wa pwani huwaita Washihiri kwa jina la bandari yao ya Shihr. Pepo zilizomleta mmoja Mombasa na Unguja zilimpeleka ndugu yake kwa Wamalay. Ukoo wa Saggaf unaojulikana Lamu unajulikana Singapore pia. Na lugha ya Kimalay imebeba maneno yale yale ya Kiarabu ambayo Kiswahili kimebeba. Mmalay akikusalimu atakuuliza, "Apa khabar?" nawe utaitika kabla hujafikiri, kwa maana ni habari gani. Dunia kwao ni dunia, na sabuni ni sabun. Mwuza vitambaa mmoja mzee alicheka mpaka akakaa chini tulipomtajia siku ya Alhamisi, kwa kuwa kwao ni Khamis.

Hapo upo Msikiti wa Sultani wenye kuba za rangi ya dhahabu, uliojengwa upya katika miaka ya 1920 na 1930. Ukitazama kwa makini chini ya kuba utaona mkanda mweusi unaometameta. Ni vitako vya chupa za kioo. Ulipokuwa ukijengwa, matajiri walitoa fedha, na maskini wasio na fedha walileta chupa tupu, zikapangwa pale ili wao pia wawe na sehemu yao. Watalii wengi hupiga picha ya dhahabu. Chupa ndizo zilizotuweka pale muda mrefu zaidi, tukabishana juu ya michango ya ujenzi katika parokia yetu, ubishi ambao hatutauleta hapa.

Na kwa kuwa gazeti hili ni la Kanisa, yafaa kutaja Kanisa Kuu letu la Mt. Andrea lililo katikati ya mji ule. Husimuliwa mpaka leo kwamba kiwanja chake kilitolewa na mfanyabiashara Mwarabu Mwislamu, Syed Omar Aljunied. Jengo lililopo sasa liliwekwa wakfu mwaka 1862, na waliolijenga kwa mikono yao walikuwa wafungwa wa Kihindi waliopelekwa Singapore kutumikia vifungo vyao. Lipu ya ndani ni chokaa ya makombe iliyochanganywa na ute wa mayai na sukari, ikakorogwa kwa maji yaliyolowekewa makumbi ya nazi, kisha ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Tuliinama, tukaigusa. Ni laini kama sahani. Waliosugua ukuta ule hawakuja kwa hiari yao, wala wengi wao hawakuwa wa dini hiyo, nao waliufanya kuwa mzuri.

Mwaka 1989 serikali ya Singapore ilifanya mambo mawili ambayo mtu akiyaweka pamoja hupata la kufikiri. Ilitangaza kwamba majengo ya mitaa ya Wachina, ya Wahindi na ya Kampong Gelam yahifadhiwe yasibomolewe. Tena mwaka huo huo iliweka kiwango cha watu wa kila asili katika kila jengo la nyumba za serikali, ambamo raia walio wengi huishi, ili pasitokee tena jengo la Wachina watupu au Wamalay watupu. Yaani nyumba zilihifadhiwa na desturi iliyozijaza ikakatazwa. Hatuwalaumu. Mwaka 1964 kisiwa kile kilimwaga damu kati ya Wachina na Wamalay, na kiongozi aliyeona hayo ana haki ya kuogopa mitaa iliyofungika. Mtoto anayekua akisikia lugha tatu katika ngazi moja ana faida ambayo fedha hainunui. Lakini yapo ya upande wa pili. Ajuza aliyekwisha poteza nchi yake ana haja ya mtu wa kuongea naye kwa lugha ya mamaye wakati wa jioni, na hilo si ubaguzi. Katika Kampong Gelam jamaa wa yule Sultani waliendelea kuishi katika nyumba ya babu yao hadi mwaka 1999, ndipo wakahamishwa, na nyumba ikafanywa kituo cha urithi wa Wamalay. Sasa wageni huingia kutazama urithi, na warithi wapo mahali pengine.

Tumesema habari za wageni wa zamani ambao wajukuu wao ni raia wenye magari. Wageni wa leo ni wengine, nao ndio waliotufanya tuandike. Siku ya Jumapili mchana ukienda barabara ya Serangoon utakuta vijana wa Kitamil na wa Bangladesh kwa maelfu, mashati yamepigwa pasi, wamesimama makundi makundi kwenye viwanja vya majani na kando ya njia, wakila, wakinyolewa, wakituma fedha nyumbani, wakiongea. Ukienda Lucky Plaza, jengo la maduka katika barabara ya Orchard, utawakuta akina dada wa Kifilipino wafanyao kazi za nyumbani, wakipanga foleni kwenye maduka ya kupeleka fedha na kufunga masanduku ya zawadi. Ukitoka Kanisa Kuu na kuvuka barabara upo Peninsula Plaza, ambapo watu wa Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar, huuza majani ya chai yaliyochachushwa kwa kuliwa, magazeti na tambi za mchuzi wa samaki. Palikuwa na jengo la Wathai pia, likafungwa mwaka 2023 baada ya kuuzwa, nao wakatawanyika.

Mitaa hiyo ya leo ni ya siku moja. Jumatatu huioni. Wenye kazi za ujenzi wanalala katika mabweni makubwa pembeni mwa kisiwa, nao hubebwa nyuma ya malori asubuhi na jioni. Kibali chao hakiwaruhusu kuleta mke wala watoto. Wengi huanza na deni la wakala aliyewapatia kazi, hata miezi ya kwanza mtu humfanyia kazi mkopeshaji. Akina dada wafanyao kazi za nyumbani, ambao ni zaidi ya 250,000, walipata haki ya siku moja ya mapumziko kwa juma kwa sheria iliyoanza mwaka 2013, tena sheria hiyo iliruhusu siku hiyo ibadilishwe kwa malipo. Ni tangu mwaka 2023 tu ambapo angalau siku moja kwa mwezi haiwezi kununuliwa na mwajiri.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumfukuza kwa adabu mjomba aliyekawia. Lakini hebu tuitazame upya. Methali ile yampa mgeni siku mbili za kula bila kuulizwa. Na jembe la siku ya tatu si adhabu tu. Mtu akikabidhiwa jembe shambani mwako amekuwa wa nyumbani. Atavuna nawe na atakemea watoto wako. Sasa hao vijana wa Serangoon wamepewa jembe siku ya kwanza, hata kabla hawajashuka katika ndege. Zile siku mbili hazikuwapo. Na hata wakilima miaka kumi na minane, siku ya nne haifiki. Mkataba ukiisha wanarudi walikotoka. Ugeni usio na karamu wala mwisho, wahenga wetu hawakuutungia methali, na pengine ni kwa sababu hawakuufikiria.

Mwaka 2008 serikali ilipotaka kuweka bweni la wafanyakazi wa kigeni katika mtaa wa Serangoon Gardens, mtaa wa watu wenye nafasi, wakazi wengi walitia sahihi kupinga. Bweni liliwekwa, lakini likajengewa njia yake mbali ili wafanyakazi wasipite mtaani. Usiku wa tarehe 8 Desemba 2013, katika Little India, basi lilimwua mfanyakazi wa Kihindi, na ghasia zikazuka, magari yakachomwa. Tangu mwaka 1969 mji ule haukuwa umeona ghasia za namna hiyo. Tume ya uchunguzi ilisema ajali ndiyo iliyowasha moto na pombe ikauchochea. Haikukubali kwamba hali ya maisha ya wafanyakazi ndiyo asili. Wengine walishtakiwa, zaidi ya 50 wakarudishwa makwao, na mwaka 2015 ikaja sheria ya kubana pombe mahali pa hadhara. Kisha mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukaingia mabwenini. Kufikia mwezi Desemba mwaka ule serikali yenyewe ilisema kwamba karibu nusu ya waliolala humo walikuwa wameambukizwa. Mji uliposhusha pumzi na kufungua milango yake, wao waliendelea kufungiwa, na ni mwezi Septemba 2021 tu walipoanza kuruhusiwa wachache, kwa majaribio na kwa saa za kuhesabu, kwenda tena Little India.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wapo wasemao: kwa kuwa watu hawa wana siku moja tu ya kupumua, waacheni. Mtu aliyekaa kwenye majani na ndugu wa kijiji chake, akila wali wa nyumbani kwa mkono, hataki kuwa mapambo ya picha ya mtu. Kiwanja kile ndicho sebule yake. Hoja hii ina nguvu, nasi twaikubali kwa upande wa picha bila masharti. Tuliwaona watalii wakimwinamia mtu usoni na kamera kama anayepima kitambaa, na tuliona namna yule mtu alivyogeuza uso. Kwetu mtu akifanya hivyo sebuleni kwa watu atatolewa na vijana.

Lakini hatukubali kwamba heshima ni kutokwenda. Wale waliotia sahihi katika Serangoon Gardens hawakuwa wachunguliaji wa watu. Wao hawakutaka kuona kabisa. Walitaka nyumba zao zijengwe, mifereji yao izibuliwe, na mikono iliyofanya hayo ipitie njia nyingine. Kati ya mtu atazamaye sana na mtu asiyetaka kutazama, sisi twamwogopa zaidi wa pili, maana wa kwanza angalau yumo barabarani na huenda mtu akamwamkia. Ubaya hustawi mahali ambapo hakuna apitaye. Mabweni yale yaliweza kujazwa vitanda kwa miaka mingi, mtu juu ya mtu, kwa sababu yalikuwa mbali na njia ya watembezi.

Wengine husema dawa ni kununua: nenda, kula mtaani kwao, acha fedha. Ni kweli mkono mtupu haulambwi, na mwuza chapati hajali sana sababu iliyokuleta. Ila tusijidanganye kwamba bei ya sahani ya biriani imelipa deni lote. Fedha inamaliza shughuli. Mkipeana tu, kila mtu huru kwenda zake. Mgeni hutafuta kitu ambacho hakiishi hivyo.

Jambo lililotufundisha zaidi lilitujia bila kulitafuta. Katika Little India sisi ndio tuliokuwa kioja. Waafrika si wengi pale. Vijana wawili wa Bangladesh walitufuata kwa muda, wakinong'onezana, mwisho mmoja akaja mbele, akaweka mkono kifuani na kuuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza kama anaweza kupiga picha nasi. Tukakubali. Akatuuliza tunatoka wapi, tunalima nini, mvua kwetu hunyesha mara ngapi, mama zetu wako hai? Nasi tukamwuliza hayo hayo. Baba yake hulima mpunga, na mto huwalia ardhi kila mwaka. Tulikaa kwenye majani karibu saa nzima. Hatukujisikia kuchunguliwa hata kidogo, ijapokuwa alitutazama kwa mshangao mkubwa kuliko sisi tulivyomtazama. Aliomba kwanza, akauliza habari za mama, na yeye mwenyewe akakubali kuulizwa. Hiyo ndiyo hodi. Yawezekana kuipiga hata mahali pasipo mlango, na yampasa mpigaji awe tayari kujibu, "Nani wewe?" Anayetaka kuwatazama watu huku yeye mwenyewe hataki kutazamwa, huyo akae kwake.

Kwa hiyo kijana wetu akitoka kwenda mji wa mbali, kwa masomo au kwa kazi, sisi hatutamkataza kwenda mitaani kwa wageni. Tutamwambia asome kabla hajaenda, ajue ni nani aliyewaweka watu pale na lini, aamkie, akae chini akikaribishwa, asipige picha ya mtu asiyemjua jina. Tena aende mara ya pili. Mara ya kwanza mtu huona vitu, na ni mara ya pili mwenye duka humwambia, "Umerudi?" Mwenye duka mmoja pale Peninsula Plaza alitwambia hivyo Jumapili yetu ya pili, akatupa chai bila kutuuliza kama tunataka. Jumapili ya tatu alitutuma sisi tumchukulie mzigo ghorofa ya juu.

Wapo kati yetu watakaosema, haya yote ni ya huko, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu katika viti vya kanisa letu kuna akina mama ambao mabinti zao wako Muscat, Dubai na Doha, katika nyumba za watu. Wao ndio wanaokaa kwenye majani siku ya Ijumaa, kama siku hiyo wanayo. Huwa tunapowapigia simu tunauliza kama wamekula na kama fedha imetumwa. Mama mmoja wa mtaa wetu amezoea kuuliza mengine: siku yako ya kupumzika ni ipi, unakwenda kukaa wapi, na nani? Binti yake humjibu kwamba ni Ijumaa mbili kwa mwezi, kwenye bustani iliyo karibu na soko, pamoja na Mfilipino mmoja na Mhabeshi mmoja. Wamemfundisha kupika samaki kwa siki. Yeye amewafundisha kusuka ukili, na miyaa hutumiwa kutoka huku kwa yeyote anayesafiri. Atakayekuwa anakwenda Muscat mwezi ujao na ana nafasi kidogo katika sanduku, mama huyo huwa amekaa upande wa kushoto, karibu na mlango.